Mwenzi Wako Anaposhindwa Kuzuia Haja

Somo kwa mke au mume anayemtunza mgonjwa wa kusahau

Somo la leo linawahusu watu wawili wa nyumba moja: mzee aliyeshikwa na ugonjwa wa kusahau, na mke au mume wake anayeamka usiku kubadilisha shuka lililolowa. Jambo hili watu hawalisemi. Mwenye malaria anaeleza homa yake mbele ya foleni nzima, anayeharisha pia anasema. Lakini mama ambaye mume wake anajikojolea atafika kituo cha afya akiomba dawa ya mgongo. Mgongo unauma kweli, maana kumwinua mtu mzima na kufua mablanketi kila siku si kazi ndogo. Ila mzizi wa shida unabaki nyumbani, na harufu inaanza kuwafukuza wageni.

Basi sisi tuliseme.

NI UGONJWA, SI DHARAU

Ugonjwa huu madaktari wanauita demensia. Ubongo unaharibika pole pole: kwanza mtu anasahau mambo ya jana, baadaye anapotea njia aliyoizoea, halafu anashindwa kuvaa, kula na kwenda chooni peke yake. Aina inayoonekana zaidi inaitwa Alzheimer. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 duniani walikuwa na demensia, na zaidi ya 60 katika kila 100 waliishi katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba ni ugonjwa wa Wazungu, au kwamba mzee wako amerogwa, au kwamba anaadhibiwa kwa yale aliyoyatenda wakati wa vita. Dawa ya kuuponya bado haijapatikana. Lakini shida ya mkojo na choo inayokuja pamoja nao inaweza kupunguzwa sana, hata hapa kambini, na hilo ndilo somo letu.

Ili mtu mzima afike chooni bila kuchafuka, mambo mengi lazima yafuatane. Kibofu kinajaa, kinapeleka habari kwenye ubongo. Ubongo unajibu: ngoja kidogo. Mtu anakumbuka choo kiko wapi, anatembea hadi pale, anatambua kwamba hiki ndicho choo, anafungua mkanda na vifungo, anachuchumaa. Kwa mgonjwa wa kusahau mnyororo huu unakatika mahali fulani. Kwa mmoja habari ya kibofu inachelewa kufika. Mwingine anaisikia vizuri kabisa, lakini anasimama katikati ya nyumba akizunguka, hajui mlango uko upande gani. Mwingine anafika chooni na kushindwa kufungua suruali. Ukiwatazama kwa mbali wote wamejikojolea, lakini msaada wanaouhitaji haufanani. Wengi tunafikiri kibofu ndicho kilichoharibika. Mara nyingi kibofu ni kizima, na kilichopotea ni njia ya kwenda chooni.

Ndiyo maana utamkuta amekojoa kwenye beseni la vyombo, au pembeni ya kitanda, au nyuma ya mlango. Utakuta nguo chafu ameificha chini ya mto. Ukimuuliza atajibu, "Si mimi, ni watoto wamemwaga maji." Hasemi uongo ili kukukasirisha. Ama amesahau kweli, ama aibu imemshika, kwa sababu aibu inabaki hata pale kumbukumbu inapoondoka.

KWANZA APIMWE

Usikubali kuambiwa "ni uzee tu" kabla hajapimwa. Kama alikuwa mzima wiki iliyopita na leo anajikojolea mara kwa mara, hilo si jambo la demensia peke yake, kwa sababu demensia inakwenda taratibu. Mabadiliko ya ghafla yana sababu yake, na mara nyingi sababu hiyo inatibika.

Ya kwanza ni maambukizi katika njia ya mkojo. Kwa kijana yanaleta maumivu na kuungua wakati wa kukojoa. Kwa mzee mwenye demensia huenda asiweze kusema chochote. Utaona tu amechanganyikiwa zaidi kuliko kawaida, halali, au amekuwa mkali. Kipimo cha mkojo kinasaidia kujua. Ya pili ni kisukari: anakunywa sana, anakojoa sana, anakonda.

Ya tatu watu hawaifikirii, nayo ni choo kigumu. Kinyesi kikikwama tumboni kwa siku nyingi kinakandamiza kibofu, na mkojo unatoka ovyo. Zaidi ya hayo, choo chepesi kinaweza kupita pembeni ya kile kigumu na kuchafua nguo. Wewe unaona anaharisha, unampa dawa ya kuzuia kuharisha, na kumbe unazidi kuziba. Kama mzee hajapata choo cha kawaida kwa siku kadhaa, halafu majimaji yanaanza kumtoka kidogo kidogo, mweleze mhudumu wa afya habari yote, usiseme tu kwamba anaharisha.

Kwa wanaume wazee kuna tezi dume. Ikivimba, mkojo unatoka kwa shida, kwa matone, au anakwenda chooni mara nyingi usiku. Kwa wote wawili kuna dawa wanazotumia: baadhi ya dawa za presha zinatoa maji mwilini, na zikinywewa jioni mgonjwa atalowesha kitanda usiku kucha. Usizikatishe. Peleka dawa zote kituoni, uulize kama inafaa kuzinywa asubuhi. Dawa za usingizi nazo zinamfanya asisikie kibofu.

Tuongeze neno kwa akina mama. Yupo mama ambaye mkojo unamtoka mchana na usiku, bila kuacha, tangu uzazi mgumu wa zamani au tangu alipofanyiwa ukatili wakati wa vita. Mama huyo huenda ana fistula, yaani tundu kati ya kibofu na njia ya uzazi. Akizeeka na kuanza kusahau, watu wanaweza kuyaunganisha mambo mawili yasiyo na uhusiano. Fistula hutibiwa kwa upasuaji. Hospitali ya Panzi ya Bukavu, ile ya Daktari Denis Mukwege aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018, inajulikana sana kwa kazi hiyo, na ziko hospitali nyingine katika nchi zetu zinazoifanya. Mama wa namna hii aonwe na daktari, hata kama ana miaka 70.

USIMNYIME MAJI

Hapa ndipo watu wengi wenye nia njema wanapoumiza wagonjwa wao. Mke anaona mume analowesha kitanda, anapunguza maji ya kunywa. Kwa siku moja au mbili inaonekana kama imefaa. Kisha mkojo unakuwa mzito na wa rangi ya chai, unawasha kibofu, kibofu kinataka kutoa hata kidogo kilichopo, maambukizi yanaingia, choo kinakauka, na kichwa cha mgonjwa kinazidi kuchanganyikiwa. Umeongeza matatizo manne ili kuokoa shuka moja.

Mpe vikombe 6 hadi 8 kwa siku, isipokuwa kama daktari amekataza kwa ajili ya moyo au figo. Mgonjwa wa kusahau haombi maji, kwa hiyo usingoje aombe. Weka kikombe mkononi mwake, kunywa naye. Maji mengi yaishe kabla ya jua kuzama. Chai na kahawa zipunguzwe jioni, na kinywaji cha mwisho kiwe saa 2 kabla ya kulala, halafu aende chooni.

Kuhusu chakula, tunajua mgao ulivyo. Ugali na maharagwe siku baada ya siku, bila mboga na maji ya kutosha, hukausha tumbo la mzee. Lengalenga, matembele au sombe vilivyopandwa pembeni ya nyumba vinasaidia, na papai likipatikana sokoni mpe kipande asubuhi. Uji mwepesi unamletea maji na chakula pamoja. Kutembea kidogo kila siku kunaamsha tumbo.

SIKU 3 ZA KUTAZAMA

Kabla ya kubadilisha chochote, tazama kwa siku 3. Andika saa alizokunywa, saa alizokojoa chooni, saa alizolowa, na siku alizopata choo. Asiyejua kuandika anaweza kuweka alama za mkaa ukutani: mstari mmoja kwa chooni, alama ya msalaba kwa kulowa, safu moja kwa asubuhi, moja kwa mchana, moja kwa usiku. Mjukuu anayesoma shule anaweza kuandika.

Kazi hii inaonekana ya bure, lakini ndiyo inayoleta nafuu kuliko zote. Utaona kwamba mwili una saa yake. Tuseme umegundua kwamba mume wako analowa karibu saa 4 asubuhi, mara baada ya chakula cha mchana, na tena saa 10 jioni. Basi saa 3 na nusu unamwambia, "Twende." Hujangoja kibofu kimwambie, kwa sababu kibofu na kichwa chake havisikilizani tena; wewe umekuwa saa yake. Kama huoni mpangilio wowote, anza na kila baada ya saa 2 mchana, pamoja na anapoamka, baada ya kila mlo, na kabla ya kulala. Baada ya wiki moja utaongeza au utapunguza.

Usimuulize, "Unataka kwenda chooni?" Atajibu hapana, kisha atalowa baada ya dakika 5. Sema kwa maneno machache, ukimshika mkono: "Twende kujisaidia." Mwite kwa jina mlilozoea. Tumia neno la lugha yenu ya nyumbani, Kibembe, Kifuliiru, Kirundi au nyingineyo, kwa sababu maneno ya utotoni ndiyo yanayokaa mwisho kichwani. Mzee aliyesahau Kiswahili chote huenda bado analijua neno ambalo mama yake alimwambia akiwa mtoto.

Jifunze pia ishara zake. Mmoja anavuta vuta nguo, mwingine anasimama na kukaa, mwingine ananyamaza ghafla au anakwenda mlangoni. Wewe umeishi naye miaka 30 au 40; hakuna muuguzi atakayezijua ishara hizo kuliko wewe.

NJIA YA CHOONI

Sasa tazama njia yenyewe, kutoka anapolala hadi kwenye choo. Itembee usiku, polepole, ukijifanya huoni vizuri. Utakutana na kamba za turubai, mawe ya jikoni, mfereji wa maji ya mvua. Ondoa unavyoweza. Funga kamba au fito kutoka mlangoni hadi chooni, ashike akitembea. Funga kitambaa cha rangi kali kwenye mlango wa choo chenu, maana vyoo vya kambini vinafanana na mzee ataingia cha jirani. Ndani ya choo simika mti imara wa kushika anapochuchumaa na kuinuka. Kama kuna taa ya sola, ibaki karibu naye usiku.

Wagonjwa wengine wanaliogopa tundu la choo, wanaliona kama shimo litakalowameza. Kuwasukuma hakusaidii. Seremala anaweza kutoboa kiti au kigoda katikati, ndoo ikawekwa chini yake. Mchana kinawekwa juu ya tundu la choo, usiku kinakuja ndani ya nyumba. Magoti ya wazee wengi hayawezi tena kuchuchumaa, kwa hiyo kiti hiki kinafaa hata kwa asiye na demensia.

Usiku, kwa maoni yetu, usimtoe nje kabisa. Ni hatari kwake na kwako, hasa kwa akina mama. Kwa mwanaume, kidumu cha lita 5 kilichopanuliwa mdomo na kulainishwa kingo kinatosha. Kwa mwanamke, ndoo yenye mfuniko chini ya kile kiti. Weka majivu kidogo ndani ili kupunguza harufu, na umwage chooni asubuhi. Chombo hicho kisitumike kwa maji ya kunywa kamwe, kiwekewe alama ambayo kila mtu nyumbani anaijua. Ndoo na mabeseni mengine yafunikwe au yaondolewe machoni pake, ili asiyadhanie kuwa choo.

Mavazi nayo. Mkanda, zipu na vifungo viwe vya mtu mwingine. Suruali yenye mpira kiunoni inashuka kwa mkono mmoja. Mama avae kitenge kinachofunguka mbele, au sketi ya mpira.

KITANDA NA VITAMBAA

Hata ukifanya yote hayo, siku nyingine atalowa. Jiandae, isiwe kila mara msiba wa usiku.

Kitanda kipangwe hivi: godoro au mkeka chini, juu yake karatasi ya plastiki, juu ya plastiki blanketi la zamani lililokunjwa, kisha shuka. Halafu, kutoka kiunoni hadi magotini, tandika kipande kingine cha kitambaa kizito cha pamba, ukiingize pande zote mbili chini ya godoro. Akilowa usiku unavuta kipande hicho peke yake na kuweka kingine, badala ya kuvua kitanda kizima. Uwe na vipande 2, na wakati wa mvua 3. Plastiki isiguse ngozi hata kidogo. Inatoa jasho na kuchubua.

Mwilini unaweza kukunja kitambaa cha pamba mara kadhaa na kukishika ndani ya chupi iliyobana kiasi. Kanga zilizozeeka zinanyonya vizuri kuliko nguo za nailoni. Nepi za watu wazima za kutupa zipo mijini, lakini bei yake ni kubwa, na ukizipata usizitumbukize chooni kwa sababu zinajaza shimo. Zifunge na uzipeleke kwenye shimo la taka. Na usilifanye neno "nepi" kuwa habari ya nyumba nzima. Ni nguo yake ya ndani, basi.

Kufua: kinyesi kikung'utwe kwanza chooni. Loweka kwenye ndoo yenye mfuniko, fua kwa sabuni, suuza vizuri maana sabuni iliyobaki inawasha ngozi, kisha anika juani mpaka ikauke kabisa. Watu wanaona aibu kuanika vitambaa hivi, wanavificha chini ya kitanda vikiwa na unyevu, na hapo ndipo harufu na fangasi vinapoanzia. Vianike katikati ya nguo nyingine. Usifulie bombani, maji machafu mwaga chooni. Ukiwa na dawa ya klorini, fuata kipimo utakachopewa na mhudumu wa usafi, usiichanganye na dawa nyingine yoyote, na ifungie mahali. Mgonjwa wa kusahau anaweza kuinywa akidhani ni maji.

NGOZI

Mkojo ukikaa kwenye ngozi ya mzee unaichubua upesi, na kinyesi zaidi. Kila akilowa mwoshe kwa maji na sabuni kidogo, kutoka mbele kwenda nyuma kwa mwanamke, umkaushe kwa kugusa gusa bila kusugua, kisha upake mafuta ya mgando kiasi kidogo. Nawa mikono yako kwa sabuni kabla na baada.

Mara moja kwa siku tazama makalio, nyonga, mgongo wa chini na visigino. Ukiona wekundu, au kwa ngozi nyeusi sehemu iliyobadilika rangi na yenye joto, ambayo haififii ukiibonyeza kwa kidole, hicho ni kidonda kinachoanza. Asiilalie sehemu hiyo, na umwambie mhudumu wa afya siku hiyo hiyo. Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa 2. Majivu, dawa ya meno na unga wa vidonge visitiwe kwenye kidonda.

MANENO YA KUMWAMBIA

Amelowa. Wageni wako nje, wewe umechoka, na jana usiku ulilala saa 3 tu. Sema nini?

Sema kidogo. "Nguo imelowa, njoo tubadilishe." Sauti ya chini, kama unayezungumzia mvua. Usimwambie "umekuwa kama mtoto," wala usimwite mjukuu aje aone. Baada ya saa moja hatakumbuka ulichosema, lakini hofu itakaa, na kesho atakataa kuguswa bila kujua kwa nini. Akikataa kuvuliwa nguo, usishindane naye. Mwache dakika 10 au 15, rudi na jambo jingine: chai, wimbo wa kanisani, au kumwomba akushikie kitambaa mkononi. Mwoshe sehemu moja huku sehemu nyingine zimefunikwa. Wengi wanapiga kelele si kwa ukorofi. Wanasikia baridi, na hawakutambui kwa dakika hiyo. Kwa macho yao mtu mgeni anawavua nguo. Na yule aliyewahi kufanyiwa ukatili anaweza kurudi palepale. Kwa mgonjwa wa namna hiyo jitambulishe kila mara, na eleza unachofanya kabla mkono wako haujamgusa.

Mambo ya ibada yanawasumbua wazee wengi. Mwislamu mwenye akili timamu asiyeweza kuzuia mkojo anafundishwa kutawadha kila wakati wa sala unapoingia, akaswali hivyo hivyo. Na aliyeondokewa na akili hana deni la sala. Shehe wenu atakueleza zaidi. Mkristo aliyeacha kwenda kanisani kwa kuogopa kunuka, mchungaji au katekista anaweza kumfuata nyumbani.

WEWE UNAYETUNZA

Katika mila zetu nyingi mkwe hawezi kumwosha baba mkwe, na mtoto wa kiume hawezi kuuona uchi wa mama yake. Mila hizo zina heshima yake. Matokeo yake ni kwamba kazi yote inamwangukia mke au mume, ambaye naye ana miaka 65 na presha. Hatusemi mvunje mila. Tunasema kazi igawanywe: wasioweza kumwosha wanaweza kuteka maji, kufua, kukusanya kuni, kukaa naye mchana ili wewe ulale. Kaa na watoto wako, uwape kila mmoja kazi yake kwa jina. Ukisema "nisaidieni" tu, kila mmoja atadhani mwingine ataamka. Mzee wa rika lake, wa jinsia yake, anaweza kukubalika kumwosha pale mtoto asipokubalika.

Kuhusu kulala kitanda kimoja: wako wanaojiona wamemtupa mwenzao wakihamia mkeka wa pembeni. Hujamtupa. Kulala karibu naye lakini pakavu ni afadhali kuliko kulala naye bila usingizi, ukaamka na hasira. Na hasira hiyo itakuja. Kama umewahi kumpiga, au kumfungia, au mkono umeinuka ukajizuia, mwambie mhudumu wa afya kabla haijawa mbaya zaidi. Hilo ni dalili kwamba umebeba mzigo peke yako kwa muda mrefu mno.

Kwa majirani, neno moja linatosha: "Mzee ana ugonjwa wa ubongo, hawezi kuzuia haja." Ukikaa kimya watatunga wao wenyewe.

MNACHOWEZA KUOMBA

Watu wengi hawajui kwamba jambo hili limeandikwa katika miongozo ya misaada. Mwongozo wa Sphere wa mwaka 2018, ambao mashirika mengi yanaufuata, unapendekeza kwa mtu asiyeweza kuzuia haja: sabuni ya ziada, gramu 500 ya kuogea na gramu 500 ya kufulia kwa mwezi, kitambaa laini cha pamba mita za mraba 8 kwa mwaka, au nepi za kutupa 150 kwa mwezi, au chupi maalumu za kufua 12 kwa mwaka, chupi za kawaida 12 kwa mwaka, vifuniko 2 vya godoro visivyopitisha maji, chombo chenye mfuniko, dawa ya kuua vijidudu lita 3 kwa mwaka, maji ya ziada, na pale inapofaa, chombo cha kukojolea kitandani na kiti cha choo.

Hatuahidi kwamba vyote vipo ghalani. Mara nyingi havipo. Lakini shirika haliwezi kuomba fedha kwa ajili ya watu ambao hawamo kwenye orodha. Kwa hiyo mwandikishe mwenzi wako kama mtu mwenye mahitaji maalumu. Anza kwa mhudumu wa afya wa jamii anayetembelea kijiji chenu, au kwa kiongozi wa zoni, na useme kwa jina lake: hawezi kuzuia mkojo, au hawezi kuzuia choo, au vyote viwili. Ukisema "ni mzee mgonjwa" utapewa nafasi ya wazee wagonjwa. Kama ni aibu kusema mbele ya watu, omba kuongea pembeni. Hiyo ni haki yako. Omba pia kutokaa foleni ndefu bombani na siku ya mgao, na choo cha karibu kama cha sasa kiko mbali.

USINGOJE

Mpeleke kituoni siku hiyo hiyo, hata usiku, ikiwa hajakojoa kabisa mchana kutwa na tumbo la chini limevimba au linamuuma. Ikiwa mkojo au choo kina damu. Ana homa na amechanganyikiwa ghafla. Anatapika na tumbo limejaa, choo hakitoki. Miguu imekufa ganzi au imeishiwa nguvu pamoja na kushindwa kuzuia haja. Au kidonda cha makalio kinanuka. Chukua dawa zake zote, ile karatasi ya siku 3 kama unayo, kitambaa kimoja kikavu cha kubadilisha, na mtu wa kukusaidia kumwinua.